Tenga la Ndege Kutoka Kirushya

Kirushya, Ngara
9 Juni 2024

Mwanangu Aline,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi ni mzima, ukiacha masikio ambayo sasa yamebaki ya kusikia radi tu. Jumapili iliyopita nilijibu amina mahali pasipo pake, kanisa zima likacheka, nami nikacheka nao bila kujua tunacheka nini. Maharage tumevuna, si haba. Migomba ya bondeni imeingiwa na mnyauko, nimeikata na kuichoma, roho ikaniuma. Kijana wangu Fabrice bado anahangaika pale Kabanga na vitenge vyake na noti za Burundi, na kila jioni anakuja na habari za mpakani ambazo nusu yake ni uongo. Mama yako alipita hapa akitoka kwao Nyamahanga. Anauliza kwa nini humwandikii. Nikamwambia una kazi nyingi, lakini usinifanye niseme uongo mara ya pili.

Simu usinipigie. Fabrice ndiye anayesikia kwa niaba yangu, na ukimwambia maneno kumi ananiletea manne. Andika, barua atazibeba rafiki yake Desderius wa kwenye basi kama kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Katika barua yako ya Pasaka uliandika kwamba huyo ndege mnayemlinda, kinengenenge, hayupo popote duniani ila huko Pemba. Kisiwa kimoja tu! Ukanitumia na picha: ndege wa njano, mdogo, ana duara jeupe kuzunguka jicho. Picha nikaiacha mezani nikaenda kuchuma kahawa. Kuinua macho, mwanangu, nikamwona. Si mmoja. Kundi zima, wanarukaruka kwenye mibuni yangu wakila vidudu!

Kwanza nilicheka, serikali inakulipa kulinda ndege ambao huku hatuwahesabu hata kuwa mboga. Halafu nikaona huruma. Mtu aliyebakiwa na ng'ombe mmoja zizini tunajua namna ya kumsaidia, ndiko kugabira: unamchagulia mtamba katika ng'ombe wako, unamswaga mpaka kwake, naye anaanza upya. Basi mimi nimeamua kukugabira wewe na kisiwa chako. Nategesha tenga na kipande cha papai bivu, wanaingia wenyewe. Mwezi wa nane Fabrice anakwenda Dar kuchukua mzigo, atavuka maji awalete mpaka mkononi mwako.

Usinishukuru kabla hawajafika.

Shangazi yako anayekuwaza,
Mukandayisenga


Konde, Pemba
30 Juni 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine hapahapa Konde, kina baraza nzuri na mwenye nyumba hanidai salamu zaidi ya mara tatu kwa siku. Pole kwa migomba. Mama nitamwandikia, nakuahidi, na mwambie nimejifunza kupika pweza. Hilo la amina nimelicheka peke yangu barabarani, watu wakanitazama.

Shangazi, nakuomba usiwatume hao ndege. Nakuomba kabisa, kwa magoti.

Kosa ni langu, sikueleza vizuri. Sikusema ndege wetu wamekwisha. Wapo wengi, ndio wanaotuamsha. Nilisema hawako kwingine, na hayo ni mambo mawili. Hao wa kwenye kahawa yako wanafanana nao kama ndugu, lakini walitengana zamani mno, kabla ya watu, hadi kila mmoja akawa aina yake. Wako wakiingia huku watapandana na wa hapa. Watazaa mchanganyiko, na wale nao watazaa, na itafika siku msitu umejaa ndege wa njano lakini kinengenenge wa Pemba hayupo tena. Hakuna atakayekuwa amemwua. Atakuwa amefutika kwa kuzaa. Na tukiacha hilo, wanaweza kuja na maradhi ambayo wa hapa hawayajui.

Tena kuingiza mnyama kisiwani bila kibali ni kosa. Fabrice atakamatwa. Mimi nitafukuzwa kazi, na itakuwa haki yao kunifukuza.

Kisiwa ni kitu chepesi kuharibika, Shangazi. Wageni wakiingia, wenyeji wanakwisha. Fungua tenga uwaachie warudi kwenye mibuni. Niandikie upesi kwamba umewaachia, nipate usingizi.

Mtoto wako mtiifu,
Aline


Kirushya
6 Agosti 2024

Aline,

Hatujambo.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Habari za maradhi nimezielewa. Habari za kibali nimezielewa. Kuna sentensi moja imenikaa kifuani kama mwiba wa samaki: wageni wakiingia, wenyeji wanakwisha.

Maneno hayo nayajua tangu utoto. Niliyasikia kisimani nikiwa na mtungi mdogo. Niliyasikia sokoni, kutoka kwa watu tuliosali nao benchi moja. Mwaka ule wa msako wa wahamiaji niliyasikia mlangoni kwangu, mimi ambaye nilivuka mto Kagera kutoka nchi jirani nikiwa mgongoni mwa mama na sijui mahali pengine pa kuita kwetu. Sikutarajia kuyasikia kutoka kwa mtoto niliyemlisha uji.

Babu yako alifika hapa Kirushya hana hata fimbo. Mzee Leonidas, Mhangaza wa hapahapa, akamgabira mtamba. Hakuuliza kama damu yetu itaharibu ya kwao. Tumezaa hapa na tumezika hapa. Kaka yangu Niyibizi, baba yako, Mungu amlaze pema, akaoa Msubi wa Nyamahanga wakakupata wewe. Sasa nieleze, wewe uliyesoma: ndani yako ni nani aliyefutika? Ni baba yako au ni mama yako Restituta?

Ndege wanaondoka leo. Kila mmoja nimemfunga uzi mwekundu mguuni, kama tunavyomfunga kuku anapohamia uwanja wa mtu, ajulikane alikotoka. Barua hii anayo Fabrice. Ukiwa unaisoma, wageni wako wapo mlangoni. Uwafukuze mwenyewe.

Mukandayisenga


Konde
13 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Fabrice amefika salama. Bahari ilimtesa kidogo lakini amekula na amelala, kesho anaanza safari ya kurudi. Nimempa karafuu za chai na kanga mbili, ya maua ni yako, nyingine ni ya mama.

Tenga nimelipokea.

Afya yangu ni nzuri na huku kumekucha kwa upepo. Kuhusu uliyoniandikia, naomba unipe muda.

Aline


Kirushya
1 Septemba 2024

Mwanangu,

Salamu. Karafuu nimezinywa, ni kali, asante. Kanga imenikaa vizuri, Priscila jirani yangu ananionea wivu. Mvua za kwanza zimedondoka, tumeanza kutayarisha shamba.

Fabrice amerudi na hanitazami usoni. Namwuliza habari za ndege, anasema walifika. Walifika wakafanya nini? Anavaa viatu na kukimbilia Kabanga, eti ana wateja, hata Jumapili! Mwanangu yule tangu mdogo akificha jambo huosha vyombo bila kutumwa. Wiki hii nyumba yangu haina sufuria chafu.

Hata ng'ombe wa kugabirwa akifia njiani, aliyepewa hutuma mtu kusema amekufa. Ndiyo adabu. Ukinyamaza, aliyetoa anajua kuna kibaya kuliko kifo.

Umefanya nini na ndege wangu? Usinijibu kwa karafuu.

Shangazi yako


Konde
19 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari nyingine za kutangulia.

Niliwaua.

Nilikwenda kumpokea Fabrice bandarini Mkoani. Alishuka na tenga kichwani, amelifunika vitenge kama mwenye mzigo wa kawaida, na jasho lilikuwa linamtiririka kwa hofu. Wengi walikuwa wamekufa ndani ya basi. Waliobaki walikuwa wamejikunyata pamoja kwenye kona moja. Nilijua palepale la kufanya, lakini niliona nyuzi zako, na fundo lako lile la kuzungusha mara mbili, nikashindwa. Tukapanda gari mpaka Konde. Njia nzima najiambia labda ipo namna ya kuwarudisha. Namna haikuwepo. Wasingefika hai hata Dar.

Tulipofika nikaingia ndani kutafuta kitambaa. Fabrice akabaki barazani. Aliwahurumia kwa kiu, akainua kifuniko awape papai, na mmoja akapita chini ya mkono wake. Nilipotoka nilimkuta amesimama anatazama mti wa jirani, kifuniko mkononi. Usimgombeze. Kama ningefanya bandarini kilichotakiwa kufanywa, lisingetokea.

Wale wengine nikawamaliza mbele yake. Ndege mdogo ukimbana kifua kwa vidole viwili anakosa pumzi, haichukui muda, tulifundishwa hivyo. Fabrice alipiga ishara ya msalaba kwa kila mmoja. Tumewafukia nyuma ya nyumba.

Ningekwambia mapema, ila huyo mmoja ndiye aliyenifunga mdomo. Nilitumaini atakufa mwenyewe nisihitaji kukutaja kazini wala kukuandikia. Hajafa. Ameonekana pembeni ya msitu, uzi mguuni, na ni dume, kwa sababu anaimba. Juzi nilimwona kwa macho yangu akiwa na jike wa hapa. Wanakusanya utando wa buibui, na ndege wa aina hii akianza kukusanya utando anajenga kiota.

Nimemweleza yote Bwana Faki, msimamizi wetu. Akasema, "Mtafute kwanza. Hayo ya kazi yako tutazungumza baadaye." Nimetega nyavu, anapita juu yake. Nimempigia sauti ya ndege wa hapa kwenye spika, hata shingo hageuzi. Ndege huja kwa sauti ya mwenzake wa kwao, akidhani ameingiliwa au ameitwa. Sauti hiyo mimi sina.

Wewe unayo. Namwomba Fabrice arekodi kwa simu ndege wa kwenye kahawa yako asubuhi wanapoanza kuimba, anitumie. Ningeweza kumwambia yeye peke yake, usingejua. Sitaki. Najua ninachokuomba, Shangazi. Nakuomba umwite ndege wako ili mimi nimwue.

Na lile neno langu la wageni, nisamehe. Lilikuwa neno baya kumwandikia mtu wa kwetu, na nililiandika bila kufikiri linamwendea nani. Msamaha naomba kwa neno. Kwa kazi siombi. Kila siku inayopita wanakaribia kutaga.

Aline


Kirushya
12 Oktoba 2024

Mwanangu Aline,

Sisi tupo. Mahindi yameota. Fabrice ameniambia yote akilia, mwanamume mzima, nikampiga na mwiko kisha nikampakulia chakula.

Barua yako niliificha kwenye godoro nikakataa kuijibu. Nilikukasirikia hadi nikavua kanga yako. Nilisema moyoni, acha huyo dume azae watoto wajaze kisiwa, nami nitakuwa na wajukuu Pemba, tuone nani atawafanyia msako.

Mama yako alikuja. Nikamsimulia nikitegemea atakuwa upande wangu, maana katika mambo ya kuchanganya damu yeye na kaka yangu walisemwa mpaka wakachoka. Anapozungumza nami hukaa mbele yangu nimwone midomo. Akasema, "Wifi, wazee wako walikuja kwa miguu yao. Walikuwa wanakimbia kifo, na waliowapokea walikubali. Hawa ndege hawakuwa wanakimbia kitu. Wewe ndiye uliyewatia kwenye tenga."

Nilimfukuza jikoni kwangu. Akaenda kukaa nje, akaanza kumenya ndizi zangu kana kwamba hajafukuzwa. Nikatoka nikakaa naye. Nikachukua kisu, tukamenya pamoja.

Kesho yake nilimwamsha Fabrice tukaenda kwenye mibuni. Alirekodi kwanza hovyohovyo, akasema ndani yake mna kikohozi chake na ng'ombe wa jirani Bonaventura anayelia. Nikaiweka simu sikioni, hili la kulia lenye nafuu. Sikusikia kitu. Aline, nimezeeka na ndege hawa, na sasa sijui hata kama ndio waliomo humo ndani ya simu. Lakini macho yangu bado ni mazima. Nikamwambia Fabrice, simama karibu, mimi nitaangalia. Nilipoona koo la mmoja linatetemeka nikampiga bega, akabonyeza. Lilipotulia nikampiga tena, akaacha. Tulifanya hivyo mpaka jua likawa kali. Fabrice anasema imetoka safi.

Ameituma leo. Barua hii itakukuta umeshamaliza. Usinifiche tena kitu, hata cha kuniumiza.

Shangazi yako,
Mukandayisenga


Konde
20 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako bado, ila sauti imefika wiki iliyopita. Niliisikiliza nikiwa nimekaa kitandani. Nyuma yake kabisa unasikika wewe, unamwambia Fabrice "sasa!" kwa nguvu, kwa sababu hujisikii unavyopaza. Ilibidi nisubiri mpaka nitulie ndipo niende msituni.

Nilikwenda na Bwana Faki. Tukatandaza wavu kati ya miti miwili, spika nikaiweka chini kwenye majani, tukajificha. Kwa kawaida unapiga sauti, unasubiri, unapiga tena, asubuhi nzima inakwisha. Yeye alikuja mara ya kwanza tu. Alikuja moja kwa moja, wala hakukaa juu kuchungulia kama wafanyavyo wenzake. Alishuka chini anaitikia, anaruka tawi hadi tawi, anaitikia tena. Wavu hakuutazama. Bwana Faki, ambaye ametega ndege tangu kijana, alisema hajawahi kuona ndege anayekuja hivyo.

Uzi umepauka, lakini fundo lilikuwa lako. Bwana Faki alinyoosha mkono ili amchukue yeye, aniepushe na kazi hiyo. Nikamwambia huyu ni wa shangazi yangu. Moyo wake ulikuwa unapiga haraka kwenye kidole changu, kisha ukaacha.

Kiota tulikipata, kilikuwa kitupu, utando wake bado mpya, hakijatagiwa. Jike alibaki juu yetu anaita, tukaondoka anaita. Kinengenenge wa Pemba amebaki alivyokuwa, na mimi nimekaa siku mbili bila kuweza kula.

Ya kazi Bwana Faki ataniambia mwisho wa mwaka. Hanichekei lakini hanigeuzii mgongo.

Ulitaka kujua yote. Nimekuandikia yote.

Aline


Kirushya
10 Novemba 2024

Mwanangu Aline,

Hatujambo, mvua ni nyingi, maharage yameanza kuchanua. Mama yako yupo hapa kwangu, ananisaidia kupalilia na kunikosoa.

Nimesoma. Ulifanya vyema kumshika mwenyewe, nisingependa afie mikononi mwa mtu asiyejua ametoka wapi.

Mnashangaa wewe na huyo Bwana Faki jinsi alivyokuja bila kutazama wavu. Mimi sishangai. Miezi miwili mtu yupo peke yake kwenye msitu ambao kila anayeongea, anaongea namna nyingine. Amepata mke, anajenga nyumba, anaonekana amezoea. Halafu asubuhi moja, chini kwenye majani, anasikia wa kwao. Alidhani tumemfuata, Aline. Mimi ni mzee na nchi ile tuliyoikimbia siikumbuki hata jiwe moja, lakini mtu akinisemesha kutoka kichakani kwa sauti ya mama yangu, nitakwenda mbio, na wavu sitauona.

Njoo Krismasi, uwe na kazi au usiwe nayo.

Shangazi yako,
Mukandayisenga